Je, Mgeni Naye Ana Wajibu?

Mara nyingi mmesikia kanisani mafundisho juu ya kuwapokea wageni. Twaambiwa tufungue mlango, tutoe maji, tutandike kitanda, maana huenda tunampokea malaika pasipo kujua, kama Waraka kwa Waebrania unavyotukumbusha. Ni fundisho zuri, nasi wenyewe tumelitoa mara nyingi mbele ya wakatekumeni wetu. Lakini angalieni: fundisho hilo lote ni la mwenyeji. Mgeni yeye amekaa kitini, anangoja kuletewa. Ni nani anayemwuliza mgeni: Je, wewe uliyeingia katika nyumba ya mwenzako, yakupasa nini?

Swali hilo halikutujia kwa kusoma vitabu. Lilitupata mjini Dar es Salaam, penye jua kali na upepo wa bahari, katika siku ambazo tulidhani ni za kupumzika tu. Tutawasimulia habari yenyewe, hata pale isipotuletea sifa, kisha tufikiri pamoja.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba mwaka 2022. Kila tarehe 14 Oktoba Watanzania humkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki siku hiyo mwaka 1999, na ofisi zote hufungwa. Mwaka ule siku hiyo ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo watu walipata Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo. Rafiki yetu mmoja, ambaye tulisoma naye seminari ndogo kabla ya kila mtu kushika njia yake, alituandikia: “Yaya, njoni mkae nasi siku hizo, mwone bahari.” Kwetu Kalemie “yaya” ni ndugu mkubwa, na kuitwa hivyo ni heshima. Huko Dar es Salaam yaya ni mtumishi anayelea watoto. Majirani zake walipomsikia akituita hivyo barabarani, walicheka mpaka wakashika mbavu, nasi tukacheka nao.

Padri paroko alitupa ruhusa, na mwenzetu akashika darasa letu. Mama watoto alikuwa na fedha zake kidogo za kununulia kanga na vitenge huko Kariakoo, apate kuviuza kwetu. Basi safari ilikuwa na faida mbili. Tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukapanda gari la moshi. Reli ile ilijengwa na Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka baharini. Tangu zamani ni njia ya mizigo ya kwetu: mwaka 1921 Waingereza walikubali Wabelgiji wawe na sehemu zao bandarini, Kigoma na Dar es Salaam, kwa ajili ya shehena za Kongo. Hata leo malori mengi yaendayo Lubumbashi hupakia Dar es Salaam. Rafiki yetu alihamia huko kwa sababu hiyohiyo. Ajua Kifaransa, ajua Kiswahili, akapata kazi kwa wakala mmoja wa mizigo, ya kuandika karatasi za shehena. Ndivyo tulivyojua sisi tulipokuwa tukienda.

Nyumba yake iko Kigamboni, ng’ambo ya mlango wa bandari. Tangu mwaka 2016 kuna daraja, lakini mtu wa miguu aliye mjini huvuka kwa pantoni, amebanwa katikati ya baiskeli na ndoo za samaki. Tulifika Alhamisi jioni. Watoto walitupokea mizigo wakikimbia. Mama wa nyumba alituamkia kwa magoti kama kwetu, akasema, “Karibuni, mashemeji, mmetuletea harufu ya nyumbani,” maana tulikuwa na mfuko wa ndakala wakavu. Tulikula wali wa nazi, kuku, na kisamvu, yaani sombe yetu, ila wao huiunga kwa nazi. Chumbani tulipolala palikuwa na meza pembeni, na juu yake cherehani iliyofunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa vizuri. Mama watoto, ambaye naye hushona, aliinua kitambaa, akaitazama, akasema ni mashini nzuri.

Ijumaa asubuhi tulisali Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, karibu sana na maji ya bandari. Halafu tukarudi ng’ambo, tukaenda pwani na watoto wote. Mtu wa ziwani akiona bahari kwa mara ya kwanza hujifanya haishangai, maana ziwa letu nalo ni kubwa, huoni ng’ambo siku ya ukungu. Lakini ziwa letu halihami. Tulifika asubuhi, maji yako karibu na minazi. Tulipomaliza kula, yalikuwa yamekwenda mbali, yameacha mchanga mtupu na ngalawa zimelala ubavu kama mbwa waliochoka. Mtoto wetu aliuliza ni nani ameyanywa. Rafiki yetu alinunua madafu kwa kila mtu, akanunua pweza wa kukaanga, akanunua tena madafu. Kila tulipotia mkono mfukoni alitushika mkono. “Yaya, hapa ni kwangu.”

Jumamosi alitupeleka Bagamoyo, yapata kilomita 70 kaskazini. Alisema haiwezekani katekista wa Kongo afike pwani asipaone mahali imani ilipotokea. Ni kweli. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliweka misioni yao pale mwaka 1868, na mwaka 1878 ulipita msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe wakielekea katika maziwa makuu. Miaka saba baadaye, mwaka 1885, walikabidhiwa kituo cha Mpala, upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Mababu zetu waliobatizwa kwanza walibatizwa na watu waliotoka kwenye ufuko ule kwa miguu, wakila vyakula vya vijiji vya watu na kulipa hongo kwa watawala wa njiani. Tulisimama kimya kitambo. Njia hiyohiyo ndiyo iliyowashusha watumwa na pembe za ndovu kutoka kwetu, hilo nalo hatukulisahau. Rafiki yetu alilipa basi la kwenda, basi la kurudi, na chakula cha watu wanane.

Tulirudi usiku. Tulipoingia chumbani, meza ilikuwa tupu. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa mara nne, kimewekwa katikati ya meza.

“Cherehani imekwenda wapi, shemeji?” aliuliza mama watoto.

“Imepelekwa kwa fundi,” alijibu mama wa nyumba. “Ilikuwa inakata uzi.”

Chakula kikaletwa. Samaki nguru wa kupaka nazi, pilau, na chupa za soda. Wenyeji wetu waliketi nasi, lakini hawakutia mkono sahanini. Rafiki yetu alisema, “Kuleni, sisi tulikula mchana.” Sasa, ndugu wasomaji, mchana upi? Mchana kutwa tulikuwa nao Bagamoyo. Tuliwaona walichokula: yeye na mkewe walikula sahani moja, wakiwapa watoto nyama. Sisi tuliyasikia maneno hayo, tukajua si kweli, tukamega samaki.

Usiku ule mama watoto alisema, “Nitakwenda jikoni kumwuliza mwenzangu. Mambo si mazuri hapa.” Sisi tukamzuia. (Hapa “sisi” ni mwandishi peke yake, mama watoto hana kosa katika jambo hili.) Tulimwambia: usimwaibishe, ni watu wa heshima, tutaondoka keshokutwa.

Jumapili baada ya Misa, mtoto wao wa miaka sita alimwambia mama watoto kwa sauti ya mtu anayetoa habari za kawaida: “Shangazi, cherehani yetu inalala kwa mzee wa duka. Mkiondoka, baba atatafuta pesa airudishe.” Ilikuwa imewekwa rehani. Ule nguru wa kupaka ilikuwa cherehani. Yale madafu ya pili na basi la Bagamoyo, hatukujua tena tuyahesabu wapi.

Pengine mtasema: Mbona mwajilaumu bure? Adabu ya mgeni ni kutokuona. Ukuta umepasuka, usiseme. Chumvi imezidi, usiseme. Watoto wana nguo zenye viraka, tazama pembeni. Ni kweli, nasi tumelelewa hivyo. Mtu anayekagua nyumba ya mwenzake kama askari wa forodha hafai kukaribishwa popote. Lakini kuna kutokuona kwa namna mbili. Kuna mtu anayefumba macho ili mwenzake asiaibike, na kuna mtu anayefumba macho ili sahani isiondolewe mbele yake. Kwa nje wote wawili wamenyamaza sawasawa. Dhamiri peke yake yaweza kuwatenganisha. Tulipoiuliza dhamiri yetu Jumapili ile, haikutupa jibu la kutufurahisha. Samaki alikuwa mtamu. Pwani ilikuwa nzuri. Kama tungeuliza kwa kweli habari za ile meza tupu, sikukuu ingekwisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yetu, nasi tuliivika nguo ya heshima.

Tena kuna jambo baya zaidi. Rafiki yetu alisema uongo mdogo, kwamba wamekula mchana. Mtakatifu Agostino ni mkali sana katika jambo hilo. Aliandika vitabu viwili juu ya uongo, naye hakubali hata ule unaosemwa kwa kumtendea mtu wema. Wengi wetu twaona ni vigumu kumfuata mpaka huko. Lakini tuache mizani ya dhambi ya rafiki yetu, si kazi yetu. Tuangalie upande wetu. Uongo ule alimwambia nani? Alituambia sisi. Na aliweza kuusema kwa sababu alijua hatutauliza. Mgeni akikataa kuona, humlazimisha mwenyeji aendelee kuigiza mpaka siku ya kuondoka. Leo “tumekula mchana,” kesho “imekwenda kwa fundi.” Kila neno lilikuwa mzigo juu ya watu ambao tayari walikuwa na mizigo, na sisi tulioweza kuupokea tulikaa kimya, tukasema ni adabu.

Hebu tufungue Biblia kidogo. Tukitaka mwenyeji mwema, upesi twamtaja Abrahamu. Aliwaahidi wageni wake kipande cha mkate, kisha akachinja ndama. Rafiki yetu alifanya kama Abrahamu, ila Abrahamu alikuwa na zizi. Wengi wetu twawataka wenyeji wetu wawe Abrahamu, wala hatuulizi kama wana zizi.

Lakini yupo mwenyeji mwingine, ambaye twamsahau: mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Nabii Eliya anafika mlangoni pa mji, naye ni mgeni wa ajabu, mtu angeweza kusema hana haya. Anaomba maji, mjane anapokwenda kuyaleta anamwita tena, anaomba mkate, kisha anataka atengenezewe yeye kwanza. Sisi tulipokuwa vijana seminarini tuliona habari hii ngumu. Mgeni gani huyu anayekula unga wa mwisho wa yatima? Sasa twaiona kwa namna nyingine, kwa sababu ya utaratibu wa maneno. Kabla ya kuwasha moto, mjane alikwisha kusema yote: unga ni konzi moja, mafuta ni kidogo, anaokota kuni mbili, atapika, atakula na mwanawe, kisha ni kufa. Hakuficha lolote. Eliya alipokula, alijua anakula nini na kutoka kwa nani. Mjane alipompa, alimpa mtu aliyejua. Unga haukupungua kwa nguvu ya Mungu peke yake, hatuthubutu kusema vingine. Lakini mezani pale hapakuwa na mtu anayemwigizia mwenziwe. Kigamboni sisi tulikuwa na nguru, na Sarepta walikuwa na mkate mdogo, na ule wa Sarepta ulikuwa chakula cha kweli kuliko chetu.

Na Kana ya Galilaya? Habari hiyo twaisoma siku za ndoa, twatazama muujiza tu. Lakini Bikira Maria alikuwa mgeni katika arusi ile, kama wageni wengine. Wengine walikunywa. Hata msimamizi wa karamu hakujua kilichotokea. Yeye aliona kwamba divai imekwisha. Alifanya nini basi? Hakusimama katikati ya watu akatangaza. Hakumwita bwana arusi pembeni amwulize mbona hukujipanga. Wala hakujifanya haoni. Alipeleka habari mahali ambapo msaada ungeweza kutoka, kwa maneno machache sana, halafu akasema na watumishi, yaani watu wa jikoni. Bwana arusi alimaliza karamu yake bila aibu. Tulipoyafikiri hayo tulihisi joto usoni, kwa maana mama watoto alikuwa ametaka kwenda jikoni, tena Jumamosi usiku, wakati bado kulikuwa na kitu cha kuokoa, na sisi, watu wa mafundisho, tukamzuia kwa jina la heshima.

Kanisa la kwanza lilijua kwamba mgeni naye ahitaji sheria. Kuna kitabu kidogo cha Wakristu wa zamani sana kiitwacho Didake, yaani Fundisho la Mitume, kilichopotea kwa karne nyingi mpaka nakala yake ikaonekana Konstantinopoli mwaka 1873. Kinaagiza kwamba mtume akija apokelewe kama Bwana mwenyewe. Lakini maneno yanayofuata ni makali: akae siku moja, na ikilazimu ya pili, akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka asichukue ila mkate wa njiani. Akidai fedha, ni nabii wa uongo vilevile. Msafiri wa kawaida huruhusiwa siku mbili au tatu, na akitaka kubaki afanye kazi ndipo ale. Tulipoyasoma kwa mara ya kwanza tulicheka, maana wazee wetu nao husema siku ya tatu mgeni apewe jembe. Hawakusoma Didake. Pengine Wakristu wale na wazee wetu walijifunza kwa mwalimu mmoja, yaani kwa kutazama mwanamke anayepika.

Mtakatifu Benedikto naye, katika kanuni aliyowaandikia wamonaki wake, anaagiza wageni wapokelewe kama Kristu. Hilo lajulikana. Lisilojulikana sana ni sura nyingine, juu ya mmonaki mgeni atokaye mbali. Anasema aridhike na desturi anazozikuta, asiisumbue nyumba kwa kudai mengi. Lakini akiona jambo lisilo sawa, akalisema kwa unyenyekevu na upendo, abati alifikiri vema, huenda Bwana amemleta mgeni huyo kwa ajili ya jambo hilohilo. Tumelirudia fungu hilo mara nyingi. Sisi tulidhani kwamba tuliletwa Dar es Salaam tuone bahari.

Turudi kwenye habari yetu, maana haijaisha, na sehemu inayobaki ndiyo iliyotufundisha zaidi.

Jumapili usiku, baada ya maneno ya yule mtoto, tulifunga mlango, tukahesabu fedha za vitenge. Mama watoto alizitoa zote bila ugomvi. Tulikubaliana kuziweka chini ya mto siku ya kuondoka, wazikute tukiwa tumekwisha kwenda. Wengi wenu mmefanya hivyo, nasi tuliona ni njia nzuri: mwenyeji haaibiki, mgeni hajisifu, na si Yezu Kristu mwenyewe aliyefundisha kwamba mkono wa kushoto usijue wa kuume umefanya nini? Mama watoto aliuliza neno moja tu: “Hii ni malipo au ni msaada?” Hatukumjibu. Jumatatu tukaagana nao kwenye pantoni, tukapunga mikono, na moyoni tukajisikia wepesi.

Baada ya majuma matatu alikuja Kalemie mfanyabiashara mmoja wa vitenge, akatuletea bahasha. Ndani mlikuwa na sehemu ya fedha zetu na barua. Tumepewa ruhusa kuwaandikia machache yaliyokuwamo.

“Yaya,” aliandika, “nimekuta fedha. Cherehani nimeikomboa, maana mke wangu ana maagizo ya sare za shule na Januari haingoji. Hizo nimezipokea kwako kama mkopo wa ndugu, nitazirudisha. Hizi nyingine nakurudishia. Hizi ni za chakula, na chakula changu sikukiuza.”

Akaeleza kwamba kazi ilikwisha tangu mwezi wa Agosti. Hakutuambia alipotuita, kwa sababu alipotuita alitumaini kupata nyingine. Halafu akaandika neno lililotuuma kuliko yote: “Nyumbani wote wasema aliye pwani ana fedha. Nilitaka mrudi mkawaambie kwamba sijapotea. Lakini ulijua, yaya. Uliniachia fedha chini ya mto kama mtu aliyelala hotelini, hukuniambia neno. Ungeniambia Jumamosi tungelia pamoja, kisha tungekula ndakala wenu.”

Tulikaa na barua ile kitambo. Ndipo tukakumbuka somo la Mtakatifu Toma wa Akwino juu ya shukrani, ambalo tulilikariri seminarini kwa ajili ya mtihani. Anauliza kama mtu yampasa kulipa wema mara moja, naye anamfuata Seneka, mpagani mwenye hekima: anayeharakisha mno kurudisha, moyo wake si wa shukrani, ni moyo wa mdaiwa anayetaka kufunguliwa. Hilo ndilo lililokuwa chini ya mto. Tulitaka pantoni isifike upande wa pili kabla hatujawa huru. Tulikuwa tumepokea zawadi iliyotuzidi, na badala ya kuibeba tulijinunua.

Angalieni basi jinsi rafiki yetu alivyozigawa zile fedha, yeye asiye na kazi. Cherehani alikubali isaidiwe, maana ni chombo cha kazi, na ndugu humkopesha ndugu. Chakula alikataa kilipwe. Sisi tulikuwa tumechanganya vyote katika mfuko mmoja, yeye akavitenganisha. Twadhani hapo ana haki kuliko sisi. Mgeni hawezi kulipa wali aliokula, wala asijaribu. Wali ule umekwisha kuwa wake kwa upendo. Lakini aweza kuangalia sufuria itokayo, na nani hakula, na meza gani imebaki tupu. Aweza kwenda jikoni. Aweza kusema, “Ndugu yangu, leo tule mlicho nacho,” mapema, kabla mtu hajafika kwa mzee wa duka. Neno hilo ni gumu kulisema, twakiri. Linataka mgeni aache raha yake na mwenyeji aache fahari yake kwa wakati mmoja, na ni nani aanze? Sisi twaona aanze mgeni. Yeye ndiye anayekula.

Wako watakaosema kwamba katika nyumba nyingine neno hilo lingeleta ugomvi, na mwenyeji angejiona ametukanwa. Yawezekana. Hatuna dawa ya nyumba zote. Kuna mwenyeji ambaye fahari yake ndiyo mali pekee iliyombakia, na ukimnyang’anya kwa maneno ya haraka umemwacha uchi. Kwa mtu wa namna hiyo labda wakike wazungumze kwanza na wakike wenzao, au mgeni atafute sababu ya kweli ya kuondoka siku moja mapema. Busara ni mama wa fadhila nyingine, tulifundishwa hivyo. Lakini mtu asijifiche nyuma ya busara kama tulivyojificha sisi.

Na kwa wasomaji wenye ndugu pwani, au Lubumbashi, au Ulaya, tuna ombi dogo. Mnapowaandikia, ulizeni kwanza kama kazi ingalipo, kabla ya kuuliza watatuma nini.

Vitenge hatukununua mwaka ule. Mama watoto alishona mashuka badala yake, hakulalamika, ingawa mara mbili tatu alitutazama kwa jicho fulani. Mwezi wa Julai mwaka 2023 rafiki yetu na jamaa yake walikuja Kalemie. Alikuwa amepata kazi ndogo ghalani, akaleta fungu la kwanza la mkopo wake, nasi tukalipokea bila kukataa. Tulikuwa tumemwandikia mapema kwamba kitanda cha wageni ni kimoja, paa lavuja upande wa mashariki, nyama itakuwa Jumapili tu, siku nyingine ni bugali na ndakala. Akajibu kwamba ataleta sukari. Aliileta, kilo tano, akampa mama watoto jikoni. Siku ya tatu alfajiri tuliamka tukasikia sauti uani. Alikuwa ameshika jembe letu, anapalilia mihogo.